Imaam Al-Bukhaariy na Khabari Iliyomtoa Mjini

  

Jumapili ya tarehe 3 Disemba 2023 ilitukuta Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, ambako tulialikwa kutoa darsa za Hadiyth kwa wiki moja. Mwenyeji wetu ni Mpemba mwenye duka la nguo. Asubuhi hiyo mvua ikiwa haijakatika, khabari zilianza kuingia kwamba kumeporomoka tope kutoka Mlima Hanang juu ya mji wa Katesh, katika barabara iendayo Singida. Haikupita muda simu ya mwenyeji wetu ikapokea sauti ya mtu asiyejitaja jina, anasema huku analia: mlima umepasuka unatoa moto, Katesh haikubaki, na magari yote yaliyolala njiani yamefukiwa na watu wake.

Sisi, ambao usiku wa kuamkia siku ile tulikaa msikitini na vijana tukiwafundisha masharti ya kukubali khabari ya mpokezi, tuliichukua sauti ile tukaituma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Nia yetu ilikuwa watu waombe Du'aa. Ndani ya kundi lile alikuwemo jamaa yetu wa Wete, mjane, ambaye mwanawe ni utingo wa lori, na alikuwa amemwaga mama yake kwamba safari hii watapita Katesh. Mama akapiga simu, haikupatikana. Kufika Magharibi watu walikuwa wameshakaa barazani kwake kwa tanzia. Kijana alikuwa Singida, mzima, simu imekwisha chaji tangu usiku.

Serikali ilikuja kueleza kwamba hapakuwa na volkano. Sehemu ya mlima iliyonywa maji mengi ya mvua ilimeguka, ikateremka na tope, mawe na miti mpaka kwenye makaazi ya watu. Waliofariki walizidi 80. Msiba ule ulikuwa mkubwa kwa ukweli wake wenyewe, wala haukuhitaji kuongezewa moto na mtu yeyote, tukiwemo sisi.

Usiku uliofuata hatukuweza kuendelea na darsa tuliyoipanga. Tulikiri mbele ya watu tulilolifanya. Mzee mmoja wa pale Babati, fundi cherehani, akatuuliza huyu Al-Bukhaariy ambaye jina lake hubandikwa chini ya kila ujumbe wa simu, hata ule unaomwahidi mtu neema akiusambaza kwa watu kumi, ni nani hasa na aliishi vipi. Swali lilikuwa la haki. Tukamsimulia, na haya ndiyo tuliyomsimulia, pamoja na machache tuliyoongeza tulipokaa kuandika.

Jina lake ni Muhammad bin Ismaa'iyl bin Ibraahiym bin Al-Mughiyrah, kun-yah yake Abu 'Abdillaah. Alizaliwa Bukhaaraa, mji ambao leo umo ndani ya Uzbekistan, siku ya Ijumaa baada ya Swalaah, tarehe 13 Shawwaal mwaka 194 Hijriyyah, sawa na mwaka 810 Miylaadiyyah. Hakuwa Mwarabu. Babu zake walikuwa Wamajusi waabuduo moto, na aliyesilimu katika wao ni Al-Mughiyrah, kwa mkono wa liwali wa Bukhaaraa wa kabila la Ju'fiy, ndiyo maana naye huitwa Al-Ju'fiy. Tunalitaja hili kwa ajili ya vijana wetu wa visiwani ambao hudhani elimu ya Hadiyth ni mali ya watu wa kabila fulani.

Baba yake, Ismaa'iyl, alikuwa mwanachuoni na mfanyabiashara, na alisikia Hadiyth kwa Imaam Maalik. Alifariki mtoto akiwa mdogo, na imepokewa kwamba alipokuwa anakata roho alisema hajui katika mali yake dirham moja ya haramu wala yenye shaka. Mtoto akabaki na mama. Imepokewa pia kwamba alipofuka macho utotoni, na mama akakesha kwa Du'aa na kilio mpaka alipoota Nabii Ibraahiym ('alayhis-salaam) akimbashiria kwamba Allaah Amemrudishia mwanawe macho. Kulipokucha, mtoto anaona. Wajane wanaosoma haya wanajua zaidi yetu usiku wa namna ile.

Alianza kuhifadhi Hadiyth akiwa bado chuoni, umri wake miaka kumi au pungufu. Alipofika miaka 11 alikuwa akihudhuria darsa za mwalimu mmoja wa Bukhaaraa aitwaye Ad-Daakhiliy. Siku moja mwalimu akasoma isnaad, yaani mnyororo wa majina ya wapokezi, akasema kwamba Sufyaan kapokea kutoka kwa Abu Az-Zubayr, naye kutoka kwa Ibraahiym. Mtoto akasema kwamba Abu Az-Zubayr hakupokea kwa Ibraahiym. Mwalimu akamkemea. Mtoto hakunyamaza wala hakubishana: alimwomba mwalimu akaangalie asili yake, kama anayo. Mwalimu akaingia ndani, akaangalia daftari lake, akatoka na kumuuliza basi inakuwaje. Akajibu kwamba huyo ni Az-Zubayr bin 'Adiyy. Mwalimu akaichukua kalamu ya mtoto, akasahihisha kitabu chake.

Wengi wanapokisimulia kisa hiki humsifu mtoto. Sisi tuliofundisha madrasa na chuo kikuu kwa miaka mingi humstaajabia zaidi mwalimu. Kuingia ndani kuangalia, kisha kutoka na kukubali kosa mbele ya wanafunzi kwa kalamu ya mtoto wa miaka 11, si jambo jepesi.

Alipofika miaka 16 alikwenda Hijjah pamoja na mama yake na kaka yake Ahmad. Hijjah ilipokwisha, mama na kaka walirudi Bukhaaraa, yeye akabaki Makkah kutafuta elimu. Akiwa na miaka 18 alikaa Madiynah karibu na kaburi la Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam), akaandika katika usiku wenye mbalamwezi kitabu chake cha At-Taariykh. Hiki si kitabu cha historia ya wafalme. Ni kitabu cha majina: maelfu ya watu waliopokea Hadiyth, huyu ni nani, kasikia kwa nani, nani kasikia kwake. Kabla ya kukusanya khabari za kusadikiwa, alikusanya kwanza khabari za wanaozileta. Lau tungekuwa na robo ya adabu hiyo asubuhi ile, tungeuliza kwanza sauti inayolia kwenye simu ni ya nani na yuko wapi.

Kisha zikaja safari. Balkh, Marw, Naysaabuwr, Rayy, Baghdaad, Baswrah, Kuufah, Hijaaz, Shaam na Misri. Imepokewa kwamba aliandika kutoka kwa walimu zaidi ya 1,000. Miongoni mwao ni Imaam Ahmad bin Hanbal, 'Aliyy bin Al-Madiyniy, Yahyaa bin Ma'iyn na Is-haaq bin Raahawayh. Aliyesafiri naye alieleza kwamba usiku mmoja aliweza kuamka mara 15 mpaka 20, kila mara anawasha taa, anatia alama kwenye Hadiyth, kisha analala tena, wala hamwamshi mwenziwe.

Katika darsa ya Is-haaq ndipo lilipozuka wazo la kitabu kimoja kifupi kitakachokusanya Hadiyth Swahiyh peke yake. Imepokewa pia kwamba aliota amesimama mbele ya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) na kipepeo mkononi anampepea. Wajuzi wa ndoto wakamfasiria kwamba yeye ni mwenye kumwondoshea Mtume uongo. Kazi ikamchukua miaka 16. Hakuandika Hadiyth ndani yake ila alioga kwanza na kuswali Rak'ah mbili.

Hapa lazima tusimame, kwa sababu kuna khabari potofu inayozunguka hata leo kuhusu hesabu ya kitabu hiki. Imethibiti kwamba alikichagua kutoka Hadiyth 600,000 hivi, na kitabu kina Hadiyth zaidi ya 7,000 pamoja na zilizokaririwa; ukitoa zilizokaririwa hubaki kama 2,600. Wako wanaofanya hesabu ya kutoa, kisha wakasema basi zote zilizobaki zilikuwa uongo. Si hivyo. Wanachuoni wa Hadiyth walikuwa wakihesabu kila njia peke yake: tamko moja likipokewa kwa njia 50, kwao ni Hadiyth 50. Na yeye mwenyewe alibainisha kwamba ameacha Hadiyth Swahiyh nyingi ili kitabu kisirefuke. Anayekataa Hadiyth kwa kuwa tu haimo ndani ya Al-Bukhaariy amemsingizia Al-Bukhaariy sharti ambalo hakuliweka.

Sharti aliyoiweka ni nzito vya kutosha. Wapokezi wote wawe waadilifu, wenye kuhifadhi vizuri, na ithibiti kwamba mwanafunzi na mwalimu wake wamewahi kukutana. Haikumtosha kwamba waliishi zama moja. Na pamoja na ukali huo, ulimi wake ulikuwa laini. Mtu ambaye wengine wangemwita mwongo, yeye mara nyingi huandika tu kwamba pana la kuangaliwa kwake, au kwamba wanachuoni wamemnyamazia. Wanafunzi wa fani hii wanajua kwamba maneno hayo laini yakitoka kwake ni mazito mno. Alikuwa akitaraji kukutana na Allaah hali ya kuwa hakumsengenya mtu yeyote.

Kisa cha Baghdaad kinajulikana. Watu wa Hadiyth wa mji ule walichukua Hadiyth 100, wakazipindua, isnaad ya hii wakaitia kwenye tamko la ile, wakawagawia watu kumi, kila mmoja kumi. Walimsomea moja baada ya moja mbele ya umati, naye kila moja anajibu kwamba haijui. Wasiojua wakamdhania hana kitu. Walipomaliza, akamgeukia wa kwanza, akamrudishia Hadiyth zake kumi kwa mpangilio, kila isnaad mahali pake, kisha wa pili, mpaka wa kumi. Al-Haafidh Ibn Hajar alisema kwamba la ajabu si kuirudisha sahihi, bali kuyahifadhi makosa kwa mpangilio wake kwa kuyasikia mara moja. Kwa uaminifu tuseme kwamba aliyekipokea kisa hiki, Ibn 'Adiyy, alikisikia kwa mashaykh wake kadhaa bila kuwataja majina, na wanachuoni wamejadili jambo hilo; wengi wamekikubali kwa wingi wa hao mashaykh. Ama kile kisa cha mtu aliyemdanganya farasi kwa nguo tupu, ambacho sisi wenyewe tulisimuliwa skuli na tukakisimulia, tumekiacha. Hakuna aliyetuonesha isnaad yake.

Tunafika sasa mahali ambapo mzee wa cherehani aliacha kushona. Alikuwa amekuja darsani na kanzu ya mteja, anapiga pindo kwa mkono.

Mwaka 250 Hijriyyah Imaam aliingia Naysaabuwr, naye ana miaka 56, jina lake limeenea. Mwanachuoni mkubwa wa mji, Muhammad bin Yahyaa Adh-Dhuhliy, ambaye Al-Bukhaariy mwenyewe alipokea Hadiyth kwake, aliwahimiza watu watoke kumlaki, na akawaonya wasimuulize mas-ala ya 'Ilmu al-Kalaam. Watu wakajaa nyumba mpaka kwenye mapaa. Siku ya pili au ya tatu mtu mmoja akasimama, akamuuliza kuhusu matamshi ya msomaji wa Qur-aan, yameumbwa au hayakuumbwa. Mas-ala hayo yalikuwa moto wakati ule. Si miaka mingi tangu 'Ulamaa kufungwa na kupigwa mijeledi, akiwemo Imaam Ahmad. Al-Bukhaariy akageuza uso, hakumjibu. Mtu akarudia, akarudia mara ya tatu. Ndipo akajibu kwamba Qur-aan ni maneno ya Allaah hayakuumbwa, kwamba vitendo vya waja vimeumbwa, na kwamba kuwatahini watu kwa jambo hili ni bid'ah.

Mle mle chumbani wakatofautiana kuhusu alilolisema. Wengine wakadai amesema matamshi yake ya Qur-aan yameumbwa. Wengine wakasema hakusema. Wamekaa mkeka mmoja, wamesikia kwa masikio yao, na bado khabari ilitoka mlangoni ikiwa mbili. Ile iliyokimbia zaidi ndiyo isiyokuwa yake. Alipoulizwa baadaye, alikanusha waziwazi na kusema kwamba yeyote mwenye kudai hayo, wa mji wowote, ni mwongo, kwani alilosema ni kwamba vitendo vya waja vimeumbwa. Aliandika hata kitabu juu ya mas-ala hayo. Lakini Adh-Dhuhliy alishatangaza kwamba anayehudhuria kwa Al-Bukhaariy asihudhurie kwake. Watu wakamkimbia. Miongoni mwa waliobaki naye ni Muslim bin Al-Hajjaaj, mwenye Swahiyh Muslim, ambaye aliinuka katika majlisi ya Adh-Dhuhliy, akaenda kukusanya kila alichokiandika kutoka kwake, akamrudishia mlangoni kwa mgongo wa mchukuzi.

Adh-Dhuhliy akaandika barua mpaka Rayy. Kule walikuwepo Abu Haatim na Abu Zur'ah, mabingwa wawili wa kukosoa wapokezi, na wote wawili waliacha Hadiyth za Al-Bukhaariy ilipowafikia barua ile. Hili limeandikwa na mtoto wa Abu Haatim mwenyewe katika kitabu chake. Hatulitaji ili kuwavunjia heshima, Allaah Awarehemu wote. Walimwamini aliyeandika, naye alikuwa mtu wa kuaminiwa, na hakukusudia kudanganya. Lilimfikia jambo akalisadiki, akaona ni wajibu wake kuwatahadharisha watu. Hivyo ndivyo khabari nyingi za uongo zinavyosafiri: mikononi mwa watu wema wenye haraka. Mwenyeji wetu wa Babati ni mtu mwema. Nasi tulijiona ni watu wema.

Na Al-Bukhaariy alimfanya nini Adh-Dhuhliy? Fungua Swahiyh yake. Humo mna Hadiyth kama 30 alizozipokea kutoka kwa Adh-Dhuhliy huyo huyo. Hakumtaja kwa jina lake kamili. Mara husema Muhammad tu, mara humnasibisha na babu yake. Lakini hakuzifuta. Mtu aliyemharibia sifa alikuwa mkweli katika upokezi, na ukweli wake ukawekwa ndani ya kitabu.

Akarudi kwao Bukhaaraa. Walimpokea kwa mahema yaliyopangwa nje ya mji, wakamrushia dirham na sukari. Haikudumu. Liwali wa Bukhaaraa, Khaalid bin Ahmad, alimtumia ujumbe amletee vitabu vyake nyumbani kwake amsomee. Akakataa, akajibu kwamba haidhalilishi elimu wala haibebi kwenye milango ya watawala. Liwali akataka basi awatengee watoto wake darsa yao peke yao. Akakataa pia: hawezi kuwapa kundi moja na kuwanyima wengine. Liwali akatafuta njia ya kumtoa, na njia ilikuwa tayari. Barua kutoka Naysaabuwr ilikwishafika, wakapatikana watu wa kuzungumza dhidi ya madhehebu yake, akafukuzwa katika mji aliozaliwa. Tofauti na Adh-Dhuhliy, huyu liwali aliichukua khabari kwa sababu ilimfaa. Haukupita muda mrefu yeye mwenyewe akavuliwa madaraka, akafia gerezani Baghdaad.

Imaam akaenda Baykand, kisha watu wa Samarqand wakamwandikia aende kwao. Alipofika Khartank, kijiji kisicho mbali na Samarqand alikokuwa na jamaa zake, akasikia kwamba Samarqand nako wamegawanyika kwa ajili yake, hawa wanamtaka, hawa hawamtaki. Umri wake ulikuwa unakaribia miaka 62. Usiku mmoja, alipomaliza Swalaah ya usiku, alisikika akimwomba Allaah Amchukue, kwani ardhi pamoja na upana wake imemdhikia.

Baadaye ukaja ujumbe kwamba watu wa Samarqand wamekubaliana, aende. Akavaa khuffu zake, akafunga kilemba, akatembea hatua kama 20 kumwendea mnyama apande, huku ameshikwa mkono. Akawaomba wamwachie, nguvu zimemwishia. Akaomba Du'aa, akalala, akafariki. Ilikuwa usiku wa 'Iydul-Fitwr, mwaka 256 Hijriyyah, sawa na mwaka 870, na alizikwa siku ya 'Iyd baada ya Adhuhuri, papo hapo Khartank. Imepokewa kutoka kwa mwenyeji wake kwamba baada ya mazishi, baadhi ya waliokuwa wakimpinga walikuja kaburini kwake wakidhihirisha tawbah na majuto kwa waliyokuwa wakiyasema.

Pale Babati tuliulizwa kama mwenye kusambaza uongo kwa nia njema ana dhambi. Tulijibu kwamba Allaah Ametuamrisha kubainisha khabari kabla ya kuifanyia kazi, katika Aayah ya sita ya Suwrah Al-Hujuraat, na aliyeacha amri hiyo amekosea hata kama hakukusudia ubaya. Anaomba maghfirah, kisha anawafikishia usahihi wale wale aliowafikishia kosa, na anamwomba radhi aliyedhurika.

Wale wa Khartank walifika kwenye kaburi. Sisi tulimkuta mama yule yu hai. Tulivuka kwenda Pemba wiki ile ile tuliyorudi kutoka Babati, tukakaa kwenye baraza ile ile ya tanzia. Alitusamehe kabla hatujamaliza kusema, akatupikia chai. Kisha akataka turikodi sauti yetu pale pale mbele yake, tuseme kwamba ile ya mlima haikuwa kweli na kwamba sisi ndio tulioituma, na tuitume kundini. Tukatuma. Ile ya kwanza ilikuwa imeshafika Unguja, Tanga na Maskati. Hii ya pili, mpaka tunapoandika haya, wengine hawajaifungua.